Miguu, Ishirini kwa Ishirini

"Usivute bado," Nusu alisema. "Akisukuma ndiyo uvute. Akipumzika, nawe pumzika."

Mdogo wake alikuwa ameketi juu ya majani makavu ya banda, visigino amevikita kwenye kizingiti, kamba ameizungusha viganjani mara mbili. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, ulimi nje. Ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Maji yalikuwa yakitoka tangu usiku wa manane, mengi kupita kiasi, mpaka sakafu ya banda ikageuka tope, na kilichotakiwa kufuata hakikufuata. Daktari wa mifugo alipigiwa simu mara nne, hakupokea. Ndipo mdogo wake huyo, mwanamke mjane, akatuma kumwita Nusu, kaka yake, na Nusu akaja mbio na kandambili mguuni, na sasa alikuwa amepiga magoti nyuma ya mnyama, mkono wa kulia umezama hadi begani.

"Unashika nini?" mdogo wake aliuliza.

"Sijui."

Neno hilo lilimtoka kwa shida. Kazi yake ilikuwa kujua. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpimaji wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wadogo, wale wafupi wanaomfika mtu mzima kiunoni, na katika muda wote huo hakuna mfupa, kiwele wala kwato ambavyo vidole vyake viligusa bila yeye kuvipa alama. Jina la Nusu alipewa na wafugaji wenyewe, kwa ubahili wake. Hakuwahi kumpa ng'ombe alama kamili pale ambapo nusu ingetosha. Mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimwekea chai mezani na kumuuliza leo ni ngapi. "Saba na nusu," Nusu alikuwa akijibu bila kucheka, na mkewe humwambia kwamba hizo mbili na nusu zilizobaki ataongezewa ahera.

"Anasukuma," Nusu alisema. "Sasa. Vuta!"

Wakavuta. Ndama alitoka mwili wote kwa mara moja na akaanguka kwenye tope bila sauti.

Nusu alimfuta uso kwa kiganja, akitafuta pua ili ampulizie, na pua hakuiona. Uso ulikuwa umebonyea kuanzia machoni, taya la chini limejitokeza, ulimi mnene umejaza mdomo. Tumbo halikufunga vizuri. Miguu yote minne ilikuwa mifupi kama kidole cha mtu, minene, na kwato zimekaa mahali ambapo palipaswa kuwa goti. Alikuwa amekufa siku kadhaa ndani ya mama yake.

Katika kazi yake Nusu alikuwa ameona ng'ombe wa kila namna, ila kitu kama hiki hakukiona hata siku moja. Aliinua macho amtulize mdogo wake, maana alitegemea kelele. Mdogo wake hakupiga kelele. Alikuwa anaikunja kamba taratibu, kwa vipimo, na nyuma yake, juu ya ndoo iliyofunikwa, palikuwa na gunia safi lililokunjwa mara nne.

"Hilo gunia umeliweka hapo lini?" Nusu aliuliza.

"Jana."

"Jana ulijuaje?"

"Tumbo lilikuwa kubwa kuliko miezi yake, kaka. Miezi saba haina tumbo lile. Na wale wengine nao walianza hivyohivyo."

"Wengine gani?"

Mdogo wake alikwenda kwenye karai akanawa mikono, akaisugua muda mrefu, kisha akaipangusa kwenye kanga bila kugeuka.

"Wawili," alisema. "Mmoja mwaka juzi, mmoja kabla ya huyo. Wako pale nyuma, penye yale maboga."

"Uliniambia hakushika mimba."

"Ndivyo nilivyokuambia."

"Mimi ni kaka yako!"

"Wewe ni kaka yangu jioni," mdogo wake alisema. "Mchana wewe ni Nusu."

Nusu alikaa chini pale pale kwenye tope. Kanuni ilikuwa yake. Ng'ombe yule hakuwa mali ya mdogo wake. Chama kiliwagawia wajane na watu wasio na mashamba majike wa kufuga, na mtu alikaa na jike wake kwa masharti ya alama sitini kila mwaka. Akishuka chini ya sitini, jike huchukuliwa akapelekwa machinjioni, na mtu hubaki na kamba. Kwenye kikao cha kwanza kabisa Nusu alikuwa amesimama na kupendekeza kipengele kimoja, kwamba jike atakayezaa mfu apunguzwe alama kumi, ili mbegu mbaya isienee. Walimpigia makofi. Aliandika kipengele hicho kwa mkono wake, kwa wino mweusi, na kwa miaka mingi alikihesabu kuwa ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote.

Ng'ombe wa mdogo wake alikuwa na sitini na tisa na nusu. Angetaja mmoja tu, wa kwanza, angebakiwa na hamsini na tisa na nusu. Kwa nusu alama angepoteza maziwa, mbolea ya maboga, na kile kiumbe cha kuongea nacho asubuhi tangu mumewe azikwe.

"Ni wewe peke yako?" Nusu aliuliza.

Mdogo wake alicheka, kicheko kikavu. "Nani hajazika? Mke wa seremala amezika watatu. Mwalimu mstaafu wawili, na wa pili aliondoka na mama yake. Mlinzi wa shule mmoja, labda zaidi, yule hasemi. Watu wanazika kabla hakujakucha, halafu wanakuja kwako wameshika kamba, wamewapaka ng'ombe mafuta, wanakuchekea."

"Na mshona viatu?"

"Mwenye twiga?" Ndivyo walivyomwita ng'ombe wa mshona viatu, kwa sababu alikuwa mrefu kwa shubiri moja kuliko wenzake, na Nusu ndiye aliyeanzisha utani huo. "Yule hajazika hata mmoja. Anazaa kila mwaka, wazima watupu."

Nusu alifuta mikono kwenye suruali akatoa daftari kwenye mfuko wa shati. Lilikuwa daftari la tano au la sita, jembamba, lenye jalada la plastiki, na ndani yake alikuwa ameandika kila ndoa aliyoifungisha, kama alivyopenda kusema: dume gani kwa jike gani, na alama za miguu pembeni. Miguu ndiyo ilikuwa roho ya upimaji wake. Alama ishirini kati ya mia zilikuwa za miguu, na kadiri miguu ilivyokuwa mifupi na minene ndivyo alama zilivyopanda. Wenye miguu mizuri aliwaoza kwa wenye miguu mizuri. Warefu aliwaacha wajitafutie.

Akafungua penye mke wa seremala. Jike, kumi na nane na nusu. Dume, kumi na tisa. Penye mwalimu, kumi na nane, na dume yule yule. Mlinzi wa shule, kumi na saba na nusu, na mtoto wa dume yule. Mdogo wake, kumi na nane na nusu. Hapo alikumbuka hata siku yenyewe, jinsi alivyomruka mfugaji mmoja kwenye foleni ili ng'ombe wa mdogo wake apandwe na dume bora. Ilikuwa zawadi. Kisha akafungua penye mshona viatu: miguu tisa. Pembeni ameandika, kwa herufi kubwa, ASIPEWE DUME LETU.

Dume huyo wa kumi na tisa walimwita Meza, kwa mgongo wake ulionyooka na kimo chake. Miaka minane iliyopita Nusu alimpa alama tisini na nne, bila nusu, na siku hiyo wafugaji walisimama kama watu walioona muujiza.

Akaweka daftari chini. Akanyoosha mkono, akaushika mguu wa ndama, na akaupapasa kwa kidole gumba kutoka bega kwenda kwato, kama alivyowafundisha wanafunzi wake wote. "Ushike kama mpini wa shoka," alikuwa akiwaambia. "Ukikuta kifundo kinene, kinachojaa mkononi, hapo umeshika mbegu." Akakikuta kifundo. Kilikuwa kile kile. Kilikuwa cha Meza, na cha jike huyu aliyelala hapa akihema, ila kimezidishwa mpaka hakuna mguu uliobaki. Kile alichokitafuta kwa mikono miwili kwa miaka thelathini na mmoja ndicho hiki, na kilipokutana chenyewe kwa chenyewe kiliua.

Aliona aibu. Alitaka kulia akashindwa, na kushindwa huko kukamuumiza zaidi.

"Nipe nimzike," mdogo wake alisema. Alikuwa amelikunjua gunia. "Watu wanaanza kuamka. Na wewe leo una kazi ya kupima kwenye kituo cha chama, nenda kaoge."

"Nampeleka kituoni."

"Nini?"

"Nampeleka wamwone."

"Kaka." Sauti yake ilishuka. "Watanichukulia ng'ombe."

"Sitakutaja."

"Hata usiponitaja, watu wana macho. Wamekuona unakuja huku. Mwaka huu nimefikisha miaka hamsini na nane, unataka nianze kuomba maziwa kwa majirani?"

Nusu alimtia ndama guniani. Mdogo wake akalishika gunia upande wa pili, naye akalishika upande wake, wakawa wanavutana kimya kimya kama watoto wanaogombania shuka. Nguvu zao zilikuwa sawa. Wangekaa hivyo hadi saa ngapi haijulikani, ila ng'ombe alijaribu kuinuka, miguu ya mbele ikateleza, akaanguka tena kwa kishindo, na mdogo wake akaliachia gunia akamkimbilia. Akapiga magoti akamshika shingo. Nusu aliposimama mlangoni kutaka kusema neno, aliona mgongo wa mdogo wake tu.

"Mpe maji ya vuguvugu," alisema.

"Najua cha kumpa," mdogo wake alijibu. "Nenda."

Uwanja wa kituo ulikuwa umejaa. Mwaka hadi mwaka siku ya kupima ilikuwa vilevile: foleni kutoka langoni hadi kwenye sakafu ya saruji, mitamba na majike wameogeshwa kwa sabuni, kwato zimepakwa mafuta. Kila mtu alitafuta mahali palipobonyea ili ng'ombe wake aonekane mfupi zaidi, na wale wa nyuma wakipiga kelele kwamba fulani amemsimamisha wake shimoni. Meza alikuwa amefungwa kivulini, amenenepa, ametulia, na juu yake ubao wenye 94 kwa rangi nyeupe. Meneja wa kituo alikuwa mezani na kalamu yake na rundo la kadi.

"Shikamoo Mzee. Umechelewa leo," alisema, kisha akaona matope. "Kulikoni?"

"Marahaba. Huyu wa kwanza." Nusu akaliweka gunia juu ya meza.

"Wa kwanza yuko kwenye foleni, Mzee."

Nusu akalifunua gunia.

Hapo ndipo alipopata pigo la pili la siku ile. Watu walisogea, wakatazama, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni kitu gani. Hakuna aliyeshtuka. Mke wa seremala, aliyekuwa wa mbele kabisa na jike mweusi mzuri, aliangalia mara moja akageuza uso kando. Mwalimu mstaafu alivua miwani akawa anaifuta, na miwani haikuwa na vumbi.

"Wa nani huyu?" meneja aliuliza. Alikuwa ameshaichukua kalamu, kwa mazoea tu.

"Wangu."

"Wewe huna ng'ombe, Mzee."

"Nimekwambia ni wangu. Chukua kadi uandike."

Akatoa utepe na fimbo ya kupimia, akamlaza ndama vizuri, akaanza. Aliifanya kazi ile kama alivyoifanya siku zote, bila haraka, akitaja kila kipengele kwa sauti ili hata wa mwisho kwenye foleni asikie.

"Kimo. Hakuna aliyewahi kuwa mfupi hivi. Kumi na tano kwa kumi na tano. Kichwa: kifupi, kipana, paji limejaa. Kumi kwa kumi. Shingo: nene, imeingia mabegani. Kumi kwa kumi. Kifua: kipana kuliko urefu wake. Andika kumi."

Mtu mmoja kwenye foleni aliguna, kicheko cha woga, akakikatisha mwenyewe.

"Miguu," Nusu alisema. Akaushika mguu, akaupapasa kwa kidole gumba kutoka juu hadi chini. "Mifupi. Minene. Kifundo kimejaa mkono. Ishirini kwa ishirini."

Katika miaka thelathini na mmoja hawakuwahi kumsikia akitamka ishirini. Hata Meza alipata kumi na tisa. Meneja hakuandika.

"Andika," Nusu alisema. "Kwa kadi yangu huyu ndiye ng'ombe bora aliyewahi kuletwa hapa. Nimemtafuta tangu nina nywele nyeusi. Ndiye huyu."

Meneja aliinuka akamsogelea, akamshika kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, umechoka. Funika hicho kitu, nakuomba. Saa nne kuna wageni wanakuja kumtazama Meza. Tutaongea ofisini, mimi na wewe."

"Wewe umezika wangapi?"

Meneja aliondoa mkono wake.

Nusu akawageukia watu. Hakuwa mtu wa hotuba. Hotuba yake ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya kipengele cha alama kumi, na ilikuwa imeleta haya.

"Aliyewapangia madume ni mimi," alisema. "Hakuna mwingine. Mfupi kwa mfupi, mfupi kwa mfupi. Na aliyefanya mkae kimya ni mimi. Mkanificha, na mimi nikawa nawapa madume hao hao tena. Kama mngesema ningejua, na mimi ndiye niliyewaziba midomo." "Naomba kujua. Kila mtu amezika wangapi?"

"Mzee, kanuni bado ipo," meneja alisema nyuma yake. "Haifutwi na mtu mmoja. Mtu akisema hapa nitalazimika kuandika. Nawaambia mapema wasije wakalia."

Ng'ombe mmoja alikojoa kwenye saruji, na mlio wake ukasikika uwanja mzima. Watu waliangalia kamba mikononi mwao. Mlinzi wa shule alikaza macho kwenye kwato za jike wake, na mshona viatu, aliyekuja kutazama tu kwa kuwa ng'ombe wake, asiye wa chama, alishakatazwa kupimwa, alikuwa ameegemea ukuta, hacheki na mtu. Nusu alijua wanachokifikiria. Alijua jinsi banda lilivyo likiwa tupu. Alimfikiria mdogo wake kule, magotini, akibembeleza shingo ya ng'ombe ambaye labda ameinuka na labda hakuinuka, na akaona kwamba watu hawa wakikaa kimya hawatakuwa na kosa lolote.

Mwalimu mstaafu alivaa miwani. Akainua mkono kama mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, vidole viwili juu, na akabaki hivyo, akitazama mbele.

Mlinzi wa shule akainua vidole vitatu. Nyuma kabisa mzee mmoja akainua kimoja, akakishusha, akakiinua tena. Kisha mikono ikawa inapanda huku na kule bila mpangilio, mingine haraka, mingine kama inanyanyua mzigo, na meneja akabaki amesimama na kalamu hewani, hajui aanzie wapi. Nusu alijaribu kuhesabu. Alifika kumi na saba akapotea, akaanza upya, akapotea tena.

Mke wa seremala bado alikuwa ameuelekeza uso kando. Alikuwa na jike wake mweusi na mama mkwe mgonjwa aliyetunzwa kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Polepole aliinua mkono wa kushoto, na Nusu akangoja vile vidole vitatu alivyoambiwa asubuhi. Vikanyooka vitatu. Kikaongezeka cha nne. Kikaongezeka cha tano. Mwanamke yule akautazama mkono wake uliojaa, kisha akautazama ule mwingine, wa kulia, ulioshika kamba.

Akaiachia kamba, akauinua na huo, kidole kimoja kimenyooka.

Ng'ombe mweusi alisubiri kidogo kuona kama ataitwa. Halafu akajiondokea, kwa vile vimiguu vyake vifupi vilivyopakwa mafuta, akapita mbele ya meza, akapita mbele ya Meza, akaenda zake hadi kwenye majani ya pembezoni mwa uzio, kamba ikiburuzika nyuma yake, na hakuna aliyemfuata.